Mtoto mdogo kavurugika kihisia, unaanzia wapi kutafuta msaada

Mtoto ana miaka 4, kila siku anapiga wenzake, halali, au alishaacha kukojoa kitandani na ghafla kaanza tena. Mzazi anatafuta daktari wa akili wa watoto, anakuta eneo lake hayupo au foleni ni ya miezi, basi anakata tamaa na kukaa. Mi naona pa kuanzia ni palepale unapompeleka akiwa na homa, manake rufaa nyingi zinatokea hapo.

Ila kabla hujaenda shika daftari. Wiki 2 tu, kila akichafukwa andika ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, alifanya nini, ilichukua dakika ngapi, nani alikuwepo na wewe ulifanyaje. Usiandike "alikuwa mkorofi", hiyo haimsaidii mtu, andika "alimng'ata mdogo wake baada ya tv kuzimwa, akalia dakika 40". Ukija kusoma unaweza ukaona mwenyewe kwamba vurugu zote ni siku ambazo hakulala vizuri, au ni kila akirudi kutoka kwa mtu fulani, na hilo la pili usilipuuze hata kidogo.

Kliniki omba wamcheki mwili kwanza: masikio, macho, damu, usingizi. Mtoto asiyesikia vizuri anaonekana jeuri, unamwita haitiki, unadhani dharau kumbe masikio! Wanaweza pia kukupa dodoso la tabia na hisia za mtoto linaloitwa SDQ, lina maswali 25, lilitengenezwa na Robert Goodman, daktari wa akili wa watoto Uingereza, likatoka 1997, na la Kiswahili lipo. Jaza ukweli usijipendelee, na mwalimu ajaze lake, maana mtoto wa nyumbani na wa darasani saa nyingine ni watu wawili tofauti. Maksi zake zenyewe hazisemi ni ugonjwa gani, zinaonesha tu kama inabidi aangaliwe zaidi.

Hapo omba rufaa ya maandishi, na usisubiri sehemu moja. Uliza idara ya watoto hospitali kubwa, uliza ustawi wa jamii, uliza shuleni kwake kama kuna mshauri, na kama kuna chuo kikuu kinachofundisha saikolojia uliza kama wana kliniki ambayo wanafunzi ndio wanahudumia watu, hao wanasimamiwa na walimu wao, usiwadharau. Kwenye foleni waambie ukweli kwamba mtu akighairi wakupigie hata asubuhi ya siku ileile.

Swali la kuuliza kwenye simu ni hili: mimi mzazi nitakuwa ndani? Kwa watoto wadogo hivi sehemu kubwa ya tiba inapita kwako, sio unamwacha mlangoni unarudi kumchukua katengenezwa kama redio. Kuna tiba moja Sheila Eyberg aliianzisha Marekani miaka ya 1970, ya watoto wa miaka 2 mpaka 7 hivi, mzazi anacheza na mwanae, mtaalamu yuko nyuma ya kioo anamwelekeza kwa kifaa cha sikioni, "hapo msifie", "hapo nyamaza". Hata dawa, chama cha madaktari wa watoto Marekani kwenye mwongozo wake wa 2019 kinasema mtoto wa miaka 4 au 5 mwenye ADHD, yaani shida ya kutotulia na kushindwa kuzingatia, wazazi wafundishwe kwanza namna ya kumwongoza. Kwahiyo ukiandikiwa dawa ndani ya dakika 10 uliza kwa nini, unayo haki.

Foleni isubiri kwa mengine, sio kwa haya: anajiumiza, anasema anataka kufa, au una wasiwasi anapigwa au anachezewa mwili. Hapo ni siku hiyohiyo. Akikueleza kitu sikiliza, mwambie hana kosa, andika maneno yake kama alivyoyasema, ila usimhoji tena na tena, waachie waliosomea.

Siku ya kwenda usimdanganye mnaenda kutembea. Mwambie mnaenda kwa mtu anayesaidia watoto wenye hasira kubwa au woga, kuna kuongea na kuchezacheza, afu mwache achague mdoli au gari la kubeba. Akiuliza kama atachomwa sindano na hujui, piga simu uulize kwanza ndo umjibu.