Kabla hujasaini fomu ya makato

Fomu za kuchangia mashirika ya hisani kutoka mshahara hapa chuoni Mwanza nazipokea mimi. Usiandike asilimia, andika shilingi kamili, hata 5,000 kwa mwezi, pamoja na mwezi wa kuanza na wa kuishia. Wa kuishia wengi huusahau, halafu Januari wananijia wakali, ada za watoto zimewabana.

Shirika unalolichagua, omba nakala ya cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Kisha panda daladala ukajionee. Miezi minane nilichangia “kituo cha yatima” upande wa Igoma. Nilipofika nikakuta banda la kuku, na kuku wenyewe hawapo.

Mwisho wa mwezi, kagua slipu yako.