Kabla hujamleta mjusi chui nyumbani: taa ya UVB, kalsiamu na vitamini

Mnyama anunuliwe mwisho. Taa, unga wa kalsiamu, vitamini na wadudu wa kumlisha viwepo ndani kwanza, kwa sababu ukiwa Dodoma vingi vitakuja kwa kuagiza, na mjusi mchanga anayekua hasubiri mzigo. Muuzaji akuonyeshe vibali kabla hujatoa hela. Tangi la mmoja mkubwa liwe na urefu wa sentimita 90 hivi, na mapango mawili, la upande wa joto na la upande wa ubaridi.

UVB ni mionzi kama ya jua ambayo mwili wa mjusi huitumia kutengeneza vitamini D3. Taa inayofaa ni tyubu nyembamba ya T5 ya UVB ya asilimia 5 hadi 7, yenye urefu wa theluthi hadi nusu ya tangi. Ifunge upande wa joto, sentimita 30 hadi 40 kutoka mgongo wa mnyama, iwake kwa muda wa saa 12 na kuzimwa kwa muda wa saa 12. Ikikaa juu ya wavu, wavu unakula sehemu kubwa ya mionzi, basi fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Albino mpe mwanga hafifu zaidi. Andika tarehe kwenye tyubu kwa kalamu ya wino mzito na uibadilishe baada ya miezi 12, hata kama bado inawaka vizuri: UVB huisha kabla ya mwanga unaouona. Balbu nyekundu ya vifaranga hutoa joto tu, UVB haina.

Sasa suala la dirisha, maana ndipo wengi wanapoumia. Jua la Dodoma ni kali karibu mwaka mzima, hivyo mtu anajiuliza taa ya nini, analiweka tangi dirishani. Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote, na kioo cha tangi kinamalizia iliyobaki. Joto lakini linapita na kunaswa ndani. Mnyama anaungua huku vitamini D3 haitengenezi. Bila D3 utumbo haufyonzi kalsiamu, hata umwagiwe unga kiasi gani. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, kwa hiyo mwili unaichota kwenye mifupa. Mwanzoni anakula kawaida. Baadaye anamrukia nyenje na kumkosa, au anamshika na kumwachia, kwa sababu taya limelegea, ukiligusa linabonyea. Vidole vinatetemeka, miguu inapinda, tumbo linaburuta chini, mkia na mgongo vinapata kona. Matibabu yanaweza kusimamisha ugonjwa, ila mfupa uliokwisha kupinda hubaki hivyo.

Ukitaka jua halisi, tumia kizimba cha wavu, saa 2 hadi saa 3 asubuhi, dakika 15 zinatosha, nusu ya kizimba ikiwa kivulini na wewe ukiwa hapohapo, maana mwewe na paka wapo. Chombo cha kioo kisitoke nje kabisa.

Kwenye unga, kuwa makini na duka la mifugo. DCP ya kuku (unga wa madini wa kuchanganya kwenye chakula) ina kalsiamu, lakini ina fosforasi pia, na wadudu tayari wana fosforasi nyingi kupita kalsiamu. Unachohitaji ni kalsiamu kaboneti safi, laini, isiyo na fosforasi. Vitamini za kuku za kuchanganya kwenye maji usimpe: kipimo chake ni cha banda zima, na D3 au vitamini A ikizidi ni sumu.

Kama UVB ipo, mdogo apate kalsiamu tupu karibu kila mlo na multivitamini mara moja kwa wiki. Mkubwa, multivitamini kila wiki mbili. Kalsiamu yenye D3 itoshe mara moja au mbili kwa mwezi. Tia wadudu kwenye mfuko na unga kidogo, tikisa, walishe papo hapo, kwa sababu nyenje hujisafisha haraka. Kisahani cha kalsiamu tupu kinaweza kubaki tangini. Chenye D3 kisibaki. Saa 24 kabla, wadudu wale karoti, boga na chakula cha kuku wa mayai. Funza wa BSF (inzi askari mweusi) wana kalsiamu nzuri wenyewe.

Joto usilisahau. Sehemu ya kujipasha ifike nyuzi 32 hadi 34, kwa thermostati (kifaa cha kudhibiti joto), la sivyo chakula hakisagiki na kalsiamu inapita bure. Usiku wa Juni na Julai hapa baridi inashuka sana. Umeme ukikatika siku moja, kukosa UVB hakuna neno, ila usimlishe akiwa wa baridi. Umeme ukicheza, taa inaungua. Weka kifaa cha kulinda, kile cha friji.

Panzi wa kuokota shambani waache, hasa karibu na mizabibu ya Hombolo au Mpunguzi, kwa sababu ya dawa zinazopulizwa. Vitamini zikae kivulini, kopo limefungwa, na zikishafunguliwa zisizidi miezi sita. Namba ya daktari wa mifugo anayekubali kutibu reptilia itafute sasa. Usipompata mjini, ulizia hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Morogoro, na upige simu kabla ya kusafiri. Nawa mikono kila ukimshika, watoto pia.