Adoni za Flight Simulator zisipoonekana, angalia folda kwanza

Wakuu mnaorusha Microsoft Flight Simulator kwenye PC, ukishadaunilodi adoni (nyongeza kama ndege au viwanja) usiitupe tu kwenye Community, folda ambayo gemu inasomea adoni, fungua zipu yake pembeni kwanza, folda unayohamisha ukiibofya lazima ukutane na mafaili ya manifest.json na layout.json hapohapo, zikiwa ndani ya folda nyingine tena gemu haizisomi na ndege huioni kabisa. Ikiwa inakwamakwama washa Developer Mode uweke kaunta ya FPS (fremu kwa sekunde), ikiandika Limited by MainThread basi prosesa ndo imeelemewa, shusha Terrain Level of Detail (undani wa mandhari ya ardhi) kwenye setingi za grafiki, hiyo inakula balaa, ikitaja GPU, yaani kadi ya picha, punguza Render Scaling (resolusheni ya picha). Na kabla ya apdeti kubwa hamisha adoni zote, baadaye zirudishe mojamoja ujue ipi inasumbua.