Nextcloud kwenye klasta: Galera ya nodi tatu, seva mbili za programu, na sehemu zinazokwamisha

Ofisi ya watumiaji themanini wa Nextcloud (programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili kwenye seva zako) haihitaji klasta, yaani mashine kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Mashine moja yenye RAM ya GB 16, diski za SSD na bakapu ambayo mtu huijaribu kuirejesha inatosha kabisa, tena kwa maumivu machache ya kichwa. Mwongozo huu ni wa pale ambapo seva moja ikizima, mamia ya watu wanakaa bure: chuo, hospitali ya rufaa, wizara.

Kanuni ni moja: seva za programu zisibaki na kitu chochote cha kwao. Mafaili yaende S3 (hifadhi ya mafaili kwa mtandao), sesheni ziende Redis (hifadhi ya haraka kwenye kumbukumbu), rekodi ziende Galera (hifadhidata ya MariaDB kwenye nodi, yaani mashine, kadhaa zenye data ileile). Ukiona seva ya programu ina kitu ambacho ukikipoteza utalia, umekosea mpangilio.

1. Mashine

Debian 12 kwa zote (PHP 8.2, MariaDB 10.11), na Nextcloud 31 kutoka kwenye faili la tar, si kifurushi kingine. Toleo la snap lina hifadhidata yake ndani, na ile Docker ya All-in-One imetengenezwa kwa ajili ya seva moja. Zote mbili ni nzuri kwa kazi zake. Hii si kazi yake.

```
10.10.0.10      anwani inayoelea (keepalived huihamisha kati ya lb1 na lb2)
10.10.0.11-12   lb1, lb2    HAProxy ya mbele (kigawa maombi)
10.10.0.21-22   app1, app2  Nginx, PHP-FPM, Nextcloud
10.10.0.31-33   db1 - db3   MariaDB Galera
10.10.0.41      redis1
```

S3 nachukulia unayo tayari, Ceph au nyingine. NFS nayo inafanya kazi kama una kifaa cha kuaminika cha kuhifadhia. GlusterFS sikushauri: Nextcloud ina mafaili madogo mengi mno, na hapo ndipo inapochoka.

Weka chrony (ya kulinganisha saa) kila mahali.

2. Galera

Hapa ndipo muda wote unapoishia, kwa hiyo usikimbie.

Fungua poti 3306, 4567, 4568 na 4444 kati ya nodi tatu. Ukifungua 4567 na kuisahau 4444, nodi ya pili itaonekana inajiunga vizuri, kisha inakufa ikianza kunakili data, na logi haitakwambia waziwazi kwamba ni faiawoli.

Sakinisha `mariadb-server`, `mariadb-backup`, `galera-4` na `socat`, kisha andika `/etc/mysql/mariadb.conf.d/60-galera.cnf`:

```
[mariadb]
bind-address = 0.0.0.0
binlog_format = ROW
default_storage_engine = InnoDB
innodb_autoinc_lock_mode = 2
transaction-isolation = READ-COMMITTED
max_connections = 400
wsrep_on = ON
wsrep_provider = /usr/lib/galera/libgalera_smm.so
wsrep_cluster_name = ofisi
wsrep_cluster_address = gcomm://10.10.0.31,10.10.0.32,10.10.0.33
wsrep_node_address = 10.10.0.31   # hii ni ya db1
wsrep_sst_method = mariabackup
wsrep_sst_auth = sst:NENO_LA_SIRI
```

Jina la faili lianze na 60, kwa sababu `50-server.cnf` ya Debian inaifungia MariaDB kwenye 127.0.0.1 na mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina. `READ-COMMITTED` ni sharti la Nextcloud, si pambo. Na `max_connections`: kawaida ni 151, lakini app mbili zenye `pm.max_children` (kikomo cha michakato ya PHP) ya 120 kila moja zinaweza kudai 240. Siku ya kwanza yenye watu wengi utaiona "Too many connections".

Kwenye db1 zima mariadb, kisha endesha `galera_new_cluster`, inayoanzisha klasta mpya. Tengeneza mtumiaji `sst@localhost`, wa kunakili data kwenda nodi inayojiunga, mwenye RELOAD, PROCESS, LOCK TABLES na BINLOG MONITOR. Halafu washa db2 kwa `systemctl start mariadb`, subiri imalize, ndipo db3. Hakiki:

```
SHOW STATUS LIKE 'wsrep_cluster_size';   -- 3
SHOW STATUS LIKE 'wsrep_local_state_comment';   -- Synced
```

Sasa, kabla hujaweka data yoyote, zima zote tatu kwa mpigo, kama umeme unavyokatika. Fanya hivyo leo klasta ikiwa tupu, kwa sababu siku umeme utakapokatika kweli na UPS ikakata roho, utakuwa unafanya haya huku simu zinaita.

Ziwashe zote tatu, usubiri. Galera huweka kumbukumbu ya kundi la mwisho katika `gvwstate.dat`, na nodi zote zikirudi na kuonana, mara nyingi zinaungana zenyewe. Moja isiporudi, nyingine mbili zitaisubiri mpaka systemd ichoke. Usianze kubonyeza `galera_new_cluster` kila mahali. Angalia `/var/lib/mysql/grastate.dat` kwa kila nodi. Baada ya kuzimika ghafla utakuta:

```
seqno:   -1
safe_to_bootstrap: 0
```

Hiyo -1 haina maana kwamba data imepotea. Nodi haikupata muda wa kuandika ilipofikia. Iulize, mariadb ikiwa imezimwa:

```
sudo -u mysql mariadbd --wsrep-recover
```

Kwenye matokeo tafuta "Recovered position". Ni UUID ndefu, nukta pacha, kisha namba. UUID lazima ifanane kwa nodi zote. Yenye namba kubwa ndiyo iliyofika mbali zaidi: kwenye hiyo peke yake badilisha `safe_to_bootstrap` iwe 1, endesha `galera_new_cluster`, kisha washa nyingine moja moja kwa `systemctl start`.

Ukichagua yenye namba ndogo, klasta itainuka bila kulalamika, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye S3, Nextcloud haihifadhi majina ya mafaili. Kila faili linaitwa `urn:oid:` na namba, na jina lake halisi liko kwenye jedwali la `oc_filecache`. Miamala ya mwisho ikipotea, mafaili yatakuwepo S3 bila mtu wa kuyaita kwa jina. Na ukiendesha `galera_new_cluster` kwenye nodi mbili, unapata klasta mbili zenye jina moja, kila moja ikipokea data yake. Kuziunganisha tena ni kutupa upande mmoja.

Ukizima kwa utaratibu, nodi moja moja, ile ya mwisho kuzimwa inaandikiwa `safe_to_bootstrap: 1`. Anza na hiyo.

Jambo la pili: andika kwenye nodi moja tu. Wengi husikia Galera inaruhusu kuandika popote, wakagawa maombi sawasawa kwa zote tatu. Galera haifungi safu ya jedwali kwenye nodi nyingine. Mgongano hugundulika wakati wa kukamilisha muamala, na mmoja wa wawili hupewa kosa 1213 (deadlock). Nextcloud nayo kila faili likipandishwa hubadilisha safu za folda zote za juu yake mpaka mzizi. Folda moja ya idara inayotumiwa na watu arobaini ni safu moja inayogombaniwa asubuhi nzima.

Mimi huweka HAProxy ndogo ndani ya kila app:

```
listen galera
    bind 127.0.0.1:3306
    mode tcp
    timeout client 30m
    timeout server 30m
    option httpchk
    server db1 10.10.0.31:3306 check port 9200 on-marked-down shutdown-sessions
    server db2 10.10.0.32:3306 check port 9200 backup
    server db3 10.10.0.33:3306 check port 9200 backup
```

Poti 9200 ni ya skripti ya `clustercheck`, inayojibu 200 pale tu nodi ikiwa Synced. Usitumie `mysql-check`: nodi iliyotengwa na wenzake bado inapokea miunganisho, kisha inarudisha kosa 1047 kwa kila swali, na HAProxy inaiona nzima.

3. Redis

Weka neno la siri, iisikilize 10.10.0.41, basi. Ila ujue Redis ikifa, Nextcloud yote inasimama. Ukishazoea mengine, ongeza replika na uiweke nyuma ya HAProxy inayokagua `role:master`.

Sesheni ziko upande wa PHP, kwenye app zote:

```
session.save_handler = redis
session.save_path = "tcp://10.10.0.41:6379?auth=NENO"
redis.session.locking_enabled = 1
redis.session.lock_retries = -1
redis.session.lock_wait_time = 10000
```

Ukiisahau hii, mtu anaingia, anabofya mara moja, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia.

4. Nextcloud yenyewe

S3 lazima iwekwe kabla ya kusakinisha. Kuhamia baadaye ni mradi mwingine kabisa. Kwenye app1, `config/s3.config.php`:

```
<?php
$CONFIG = ['objectstore' => [
  'class' => '\\OC\\Files\\ObjectStore\\S3',
  'arguments' => [
    'bucket' => 'nextcloud', 'hostname' => 's3.ofisi.lan',
    'key' => '...', 'secret' => '...', 'port' => 443,
    'use_ssl' => true, 'use_path_style' => true,
  ]]];
```

Kisha, kwenye app1 peke yake, kwa `occ` (zana ya amri ya Nextcloud):

```
sudo -u www-data php occ maintenance:install --database mysql \
  --database-host 127.0.0.1 --database-name nextcloud \
  --database-user nextcloud --database-pass '...' \
  --admin-user msimamizi --admin-pass '...'
```

Ni 127.0.0.1, si `localhost`. Ukiandika `localhost`, PHP inatafuta soketi ya MySQL kwenye diski, haioni, na unapata kosa 2002.

Ongeza kwenye `config.php`:

```
'memcache.local' => '\OC\Memcache\APCu',
'memcache.distributed' => '\OC\Memcache\Redis',
'memcache.locking' => '\OC\Memcache\Redis',
'redis' => ['host' => '10.10.0.41', 'port' => 6379, 'password' => '...'],
'trusted_domains' => ['wingu.ofisi.lan'],
'trusted_proxies' => ['10.10.0.11', '10.10.0.12'],
'overwriteprotocol' => 'https',
'appstoreenabled' => false,
'config_is_read_only' => true,
```

Usipoziweka `trusted_proxies`, watumiaji wote wanaonekana wanatoka kwenye IP ya HAProxy. Mmoja akikosea neno la siri mara kadhaa, ofisi nzima inacheleweshwa kuingia. `appstoreenabled` nayo naizima kwa sababu programu ya ziada ikisakinishwa kwenye kivinjari inaingia kwenye app moja tu, na kalenda inaanza kuonekana na kupotea kwa zamu. Isakinishe kwa mkono, kisha rsync.

Nakili `/var/www/nextcloud` yote kwenda app2 kwa rsync. `instanceid`, `passwordsalt` na `secret` lazima zifanane herufi kwa herufi.

Cron iwe app1 pekee, kila dakika 5, kwa mtumiaji www-data, na `apc.enable_cli=1`.

5. HAProxy ya mbele

```
backend nextcloud
    balance leastconn
    timeout server 10m
    option forwardfor
    http-request set-header X-Forwarded-Proto https
    option httpchk
    http-check send meth GET uri /status.php ver HTTP/1.1 hdr Host wingu.ofisi.lan
    http-check expect rstring \"maintenance\":false
    server app1 10.10.0.21:80 check
    server app2 10.10.0.22:80 check
```

Bila ile `hdr Host`, Nextcloud inajibu 400 "Trusted domain error", HAProxy inazihesabu app zote zimekufa, na watu wanaona 503 wakati kila kitu kinafanya kazi. Dakika 10 za `timeout server` ni kwa mafaili makubwa: vipande vyote vikishafika, ombi la mwisho la kuviunganisha linaweza kuchukua muda.

6. Kupandisha toleo

Huwezi kuruka toleo kuu. 29 inapita 30 ndipo 31. Ondoa kwanza `config_is_read_only` kwenye app zote.

`occ maintenance:mode --on` huandika kwenye `config.php` ya mashine ulipo, si kwenye hifadhidata. Ukiiendesha app1 peke yake, ukaguzi wa HAProxy utaitoa app1 na kuwapeleka watu wote app2, ambako wataendelea kufanya kazi kwa msimbo wa zamani huku majedwali yanabadilishwa chini yao. Iendeshe kwenye zote mbili. Kisha weka msimbo mpya kote, endesha `occ upgrade` app1 tu, nakili `config.php` kwenda app2, anzisha upya `php8.2-fpm` kwa zote ili OPcache (kache ya msimbo wa PHP) isibaki na msimbo wa jana, ndipo `--off`, kila mashine kwa wakati wake.