Kutambua Mkondo wa Umeme katika Taa na Mota za Reli ya Mfano

Jioni moja hapa Kampala, mita ilinionyesha volti 12 kwenye nyaya za taa ya stesheni yangu ndogo, ilhali taa yenyewe haikuwaka. Niliisumbua adapta saa nzima kabla ya kugundua kwamba uzi wa balbu ulikuwa umekatika. Volti huwepo hata pasipo kazi, lakini mkondo hupita pale tu kifaa kinapotumia umeme, nao ndio tutakaoutambua.

Tafuta dayodi mbili za 1N4007 (dayodi hupitisha mkondo upande mmoja tu), optokapla ya PC817 (kichipu kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila nyaya za pande mbili kugusana), resista (vipunguza mkondo) za omu 47 na omu 2,200, na taa ndogo ya LED ya kuonyesha kama mkondo unapita. Usikimbilie dukani: chaja mbovu ya simu mara nyingi huwa na PC817, kichipu cha miguu minne kilichokaa mpakani mwa upande wa umeme wa ukutani na ule wa volti 5. Chaja iwe imechomolewa tangu jana, kwa maana kapasita yake huweka umeme.

Hatua ya 1. Kata waya chanya wa taa, kisha unga hapo dayodi zote mbili mfululizo, mstari mweupe wa kila moja ukielekea kwenye taa. Mkondo ukipita, kati ya ncha mbili za nje za dayodi hizo hupatikana takriban volti 1.4.

Hatua ya 2. Mguu wa 1 wa optokapla, ulio kando ya kidoa kilicho juu ya kichipu, upitishe kwenye resista ya omu 47 hadi ncha ya dayodi iliyo upande wa adapta. Mguu wa 2 uunge kwenye ncha ya upande wa taa.

Hatua ya 3. Toa chanya kwenye chanzo kingine cha umeme cha volti 5, ipitie resista ya omu 2,200, LED, kisha mguu wa 4. Mguu wa 3 uende hasi ya chanzo hicho.

Hatua ya 4. Washa, kisha chomoa balbu: LED izime. Isipowaka kabisa, kagua kwanza kidoa. Mimi nimekigeuza zaidi ya mara moja.

Swali: Je, taa haitafifia?
Jibu: Itafifia kidogo, kwa kuwa itabakiwa na volti 10.6 hivi. Mimi naridhika, balbu zinadumu.

Swali: Mwalimu, mota yangu ya kugeuza njia, ile inayosogeza reli ili treni ibadili njia, hubadilishiwa chanya na hasi. Itakuwaje?
Jibu: Ongeza dayodi ya tatu sambamba na zile mbili, ikielekea kinyume, la sivyo mota itakwenda upande mmoja tu. LED nayo itawaka kwa upande mmoja. Ikiwa mota yako huachiwa umeme hata ikishafika mwisho, LED itaendelea kuwaka, kwa sababu mota iliyozuiwa hula mkondo mwingi kuliko inayozunguka.