Kupinga uamuzi wa serikali kortini: kazi huanza kabla ya kufika Milimani

Mtu mwenye malalamishi ya haki kabisa anaweza kuondolewa Milimani, kwenye mahakama za Nairobi, bila jaji kuyagusa. Hutokea akija kabla ya kupitia jopo lililowekwa na sheria, akija muda umekwisha, au akifungua kesi katika mahakama isiyohusika. Kwa hivyo barua ya uamuzi ikikufikia, shika kalenda kwanza.

Andika tarehe uliyoipokea na namna ilivyokufikia: kwa mkono, kwa barua pepe, au kwa kubandikwa langoni. Weka bahasha, piga picha ya notisi pale ilipobandikwa, usifute ujumbe wa simu. Ofisi ikija kudai ulijua mapema kuliko unavyosema, hivyo ndivyo utakavyojitetea navyo.

Kisha dai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali, ya haraka, yenye busara na iliyofuata utaratibu wa haki. Uamuzi ukigusa haki yako vibaya, unastahili kupewa sababu zilizoandikwa. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala, nambari 4 ya 2015, inaipa ofisi miezi 3 kukujibu. Ikinyamaza, kifungu cha 6 kinaruhusu ichukuliwe kwamba ilitenda bila sababu nzuri, isipokuwa ithibitishe vinginevyo. Barua yako iwe fupi: nambari ya kumbukumbu, uamuzi wenyewe, jinsi ulivyokuathiri, na ombi la sababu pamoja na nyaraka zilizotumiwa. Peleka nakala 2 na urudi na moja yenye mhuri wa kupokelewa. Karani akikataa kugonga mhuri, tuma pia kwa barua pepe siku hiyohiyo.

Ukihitaji nyaraka zaidi, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Ukinyimwa, unaweza kuomba Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za serikali, apitie uamuzi huo ndani ya siku 30. Ofisi zake ziko West End Towers, Waiyaki Way.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanakaa kungoja sababu huku muda wa rufaa ukiyoyoma. Miezi 3 ya ofisi haisimamishi siku zako hata moja. Kata rufaa kwanza, ueleze humo kwamba sababu uliziomba na bado hazijaja.

Rufaa yenyewe hupelekwa wapi? Kifungu cha 9 cha sheria hiyo ya 2015 kinataka njia zote za rufaa zilizowekwa kisheria zimalizwe kabla ya kwenda Mahakama Kuu. Njia hutegemea uamuzi. Notisi ya kaunti ya kukusimamishia ujenzi, tuseme Kasarani au Embakasi, hupingwa katika Kamati ya Uratibu ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu kupewa notisi. Makadirio ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, hupingwa kwa Kamishna wake ndani ya siku 30. Asipokuridhisha, una siku 30 nyingine kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru. Zabuni ndiyo kali kuliko zote. Una siku 14 kufika mbele ya bodi ya kupitia malalamishi ya zabuni, PPARB, nayo ina siku 21 kuamua. Usiporidhika, una siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo nayo ina siku 45. Siku ya 15 umekwisha, hata kama zabuni ilinuka kutoka mbali.

Je, jopo lisipokufaa? Labda halijateuliwa, au halina uwezo wa kutoa nafuu, yaani amri, unayotaka. Unaweza kuomba mahakama ikuruhusu kuliruka, lakini sharti uombe, uonyeshe hali ya kipekee, tena kwa hati ya kiapo. Kulitaja suala hilo mara ya kwanza katika mawasilisho ya mwisho ni kuchelewa.

Ukishapita hapo, chagua mlango. Mzozo ukihusu ardhi, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ukihusu ajira, Mahakama ya Leba. Mengine, Mahakama Kuu. Halafu chagua msingi wa ombi, na suala hili limepata uzito mpya tangu 2023. Katika kesi za Saisi na Dande, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba anayekuja kwa msingi wa Katiba anaweza kutaka jaji auchunguze uzito wa uamuzi wenyewe kwa kiasi, ingawa jaji hageuki kuwa korti ya rufaa. Anayekuja kwa Agizo la 53 la Kanuni za Madai, utaratibu wa kawaida wa kuomba korti ipitie uamuzi wa ofisi, peke yake, bila kudai kwamba haki au Katiba ilivunjwa, ataangaliziwa utaratibu tu: je, alisikizwa, je, ofisi ilikuwa na mamlaka? Ikiwa shida yako ni kwamba uamuzi hauna mantiki, usijifungie katika Agizo la 53. Taja ibara iliyovunjwa, na ueleze ilivunjwa vipi. Kumimina ibara kumi bila maelezo hakusaidii.

Agizo la 53 lina masharti yake. Kwanza unaomba idhini ya korti kuleta ombi lako, ukiambatisha taarifa ya ombi na hati ya kiapo. Taarifa ibebe jina lako, nafuu na misingi. Ukweli wote uwe ndani ya hati ya kiapo. Ukiuweka ukweli kwenye taarifa, upande wa pili utasema huna ushahidi, na utakuwa umesema kweli. Ombi la kufuta uamuzi lazima liletwe ndani ya miezi 6, na jaji hana nafasi ya kuongeza muda huo. Idhini ikitoka, una siku 21 kuwasilisha ombi kamili. Ambatisha nakala ya uamuzi, au ueleze kwa kiapo kwa nini huna.

Idhini yenyewe haisimamishi uamuzi. Omba waziwazi kwamba itumike kuusitisha, na uonyeshe kitakachoharibika usipositishwa: tarehe ya tingatinga, leseni inayoisha, mkataba unaokaribia kutiwa saini. Neno “hasara” pekee halimshtui jaji yeyote.

Ukishinda, mara nyingi uamuzi hufutwa na suala kurudishwa kwa ofisi ileile iliamue upya. Omba basi maagizo yaliyo wazi: nani aamue, kwa muda gani, akizingatia nini. Na kama unachodai ni pesa ulizotunukiwa na korti dhidi ya serikali, usihangaike na madalali, kwa kuwa mali ya serikali hainadiwi. Chukua cheti cha amri, hati ya korti inayoonyesha kiasi unachodai, baada ya siku 21 tangu amri itolewe, kipeleke kwa afisa mhasibu wa wizara husika, yaani anayewajibika kwa fedha zake, udai malipo kwa barua. Akikataa au akinyamaza, rudi kortini uombe amri ya kumlazimisha alipe. Akiidharau, yeye binafsi ndiye atakayejieleza kwa nini asifungwe.