Nilidhani Mimi ni Farasi: Kalenda ya Wachina kwa Aliyechoshwa na Kazi

Kwa miezi minane nilijiita Farasi, kwa kalenda ya Wachina inayoupa kila mwaka mnyama wake, kumi na wawili kwa zamu. Nimezaliwa 1990, na mteja wetu mmoja, mama wa Kichina anayeuza vigae Kilimani (ofisini tunamwita Mama Vigae), aliniuliza mwaka tu, akacheka: "Farasi! Ndiyo maana unakimbia." Siku hiyo nilikuwa nimempelekea hesabu zenye makosa matatu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Nikajifariji kwamba kumbe kukimbia ndiyo asili yangu. Nikaongeza mbio.

Juni 2025 mbio zikaisha. Matatu ilifika mwisho wa safari mjini, abiria wote wakashuka, mimi nikabaki kitini nikijaribu kukumbuka kwa nini nishuke. Makanga akanigusa bega: "Dada, tumefika." Mimi ni mhasibu. Kila mwezi kodi ya mishahara inadai tarehe 9, VAT inadai tarehe 20, kisha Juni 30 inakuja na taarifa za mapato za watu waliolala mwaka mzima. Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata namba sikuzichukia tena. Sikuhisi chochote juu yake.

Kabla ya wanyama na nyota, nenda hospitali. Nasema hivi mapema kwa sababu mimi nilichelewa. Daktari alipima damu akakuta imepungua, akanipa vidonge vya madini ya chuma. Sehemu ya uchovu wangu haikuwa na siri yoyote. Sehemu nyingine ilitoka kazini: Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kazi (burnout) kwenye orodha yake ya kimataifa mwaka 2019, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na kazi, yenye sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Ukiona giza zaidi ya hapo, ukaanza kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo, acha kusoma hapa utafute mtu wa kuongea naye leo.

Sasa tuingie kwenye kalenda.

Anza kwa kumjua mnyama wako, na umjue kwa usahihi. Gawanya mwaka wako wa kuzaliwa kwa 12, uangalie kinachobaki. Kikibaki 4 wewe ni Panya, 5 Ng'ombe, 6 Chui Milia, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi. Kisipobaki kitu ni Nyani, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. (Huyo Mbuzi, neno la Kichina linambeba yeye pamoja na kondoo. Hapa Nairobi tumwache mbuzi, tunajua thamani yake.) Lakini mwaka wa Wachina hauanzi Januari mosi. Unaanza siku ya mwezi mwandamo, kati ya Januari 21 na Februari 20. Mwaka wa Farasi wa 1990 uliingia Januari 27. Mimi nilizaliwa Januari 14.

Nilipomwambia Mama Vigae tarehe kamili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Aa. Basi wewe Nyoka." Miezi minane ya kukimbia kwa miguu isiyo yangu! Kwa hiyo kama umezaliwa Januari au Februari, tafuta tarehe ya mwaka mpya wa Kichina kwa mwaka wako kabla hujajitangaza.

Elementi, yaani asili moja kati ya tano ambayo kila mwaka huwa nayo pamoja na mnyama, ni rahisi zaidi, inatoka kwenye tarakimu ya mwisho ya mwaka huo: 0 na 1 ni Chuma, 2 na 3 Maji, 4 na 5 Mti, 6 na 7 Moto, 8 na 9 Udongo. Mimi, kwa kurudishwa 1989, ni Nyoka wa Udongo. Wataalamu wa Kichina hawaishii hapo. Wanapanga nguzo nne, za mwaka, mwezi, siku na saa, na kwao mwaka peke yake ni kama kumjua mtu kwa mtaa anaotoka. Mama yangu alipoulizwa saa alijibu, "Jioni, ng'ombe wakikamuliwa," akaongeza kuniuliza kama nimeanza uganga. Nilimweleza kwamba ninachotafuta ni ratiba. Hakuridhika, lakini alinitumia mihogo.

Na kweli ni ratiba. Maelezo ya tabia, kwamba Nyoka ni msiri na Jogoo anapenda kusifiwa, niliyasoma nikacheka nikayaweka kando. Mtu aliyechoka akipewa tabia mpya anapata tu sababu nyingine ya kujilaumu. Kilichonisaidia ni kwamba wanyama haohao kumi na wawili wanagawana siku, kila mmoja saa mbili.

Hapa Mswahili ana bahati. Kila mnyama anaingia kwenye saa yetu ya witiri, yaani namba isiyogawanyika kwa mbili. Panya ni saa 5 hadi 7 usiku, Ng'ombe 7 hadi 9, Chui Milia 9 hadi 11. Sungura anakuja saa 11 alfajiri hadi saa 1, Joka 1 hadi 3 asubuhi, Nyoka 3 hadi 5, Farasi 5 hadi 7 mchana, Mbuzi 7 hadi 9, Nyani 9 hadi 11, Jogoo 11 hadi saa 1 jioni, Mbwa 1 hadi 3 usiku, Nguruwe 3 hadi 5. Saa sita ya mchana iko katikati ya Farasi, saa sita ya usiku iko katikati ya Panya. Jambo moja la kuangalia: saa hizi za kale zilifuata jua, na saa ya Kenya inalitangulia jua la Nairobi kwa nusu saa hivi, kwa sababu inapimwa kwa longitudo ya 45 nasi tuko karibu na 37. Kwa kupumzika haijalishi. Kwa saa ya kuzaliwa iliyo mpakani, inajalisha.

Nunua daftari dogo. Langu ni la miraba, lile la hesabu za shule. Kwa siku saba andika wanyama kumi na wawili, na mbele ya kila mmoja neno moja tu: ulifanya nini. Usijirekebishe bado. Langu lilinitia aibu. Farasi: kazi, nikila mandazi juu ya kibodi. Jogoo: kazi. Mbwa: jamu ya Thika Road, najibu meneja kwa simu. Nguruwe: kazi, kitandani. Panya: macho. Sungura: matatu. Chui Milia ndiye pekee aliyeniona nimelala.

Baada ya juma hilo chagua wanyama watatu, si kumi na wawili. Mimi nilichukua Farasi, Jogoo na Nguruwe.

Farasi ni kilele cha yang, nguvu ya joto na mwendo, jua likiwa utosini, na tiba ya jadi ya Kichina inampa moyo kama kiungo chake. Kilele kikifika, yin, nguvu ya utulivu, inaanza kuzaliwa. Kwa hiyo ndiyo saa ya kutulia, ingawa sisi tunaifanya ya kukimbizana na benki. Ofisi yetu iko Upper Hill. Nateremka hadi Uhuru Park, nakaa penye kivuli dakika ishirini, simu nimeiacha kwenye droo. Siku za mwanzo nilihesabu dakika kama mfungwa. Wiki ya tatu nilisinzia, nikaamshwa na mpiga picha akiniuliza kama nataka picha.

Jogoo, kwa maelezo ya Wachina, ni saa kuku wanarudi bandani. Saa 11 jioni naandika kwenye daftari mambo matatu ya kesho na nafunga kompyuta. Si kila siku inawezekana. Tarehe 8 na 19 ya mwezi naandika "banda limechelewa" na sijilaumu. Meneja hakupenda mwanzoni. Sikumwambia habari za jogoo. Nilimwambia nitajibu saa 2 asubuhi, nikajibu saa 2 asubuhi, kila mara, mpaka akazoea.

Nguruwe ni usingizi, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mtaa wangu wa Zimmerman haulali mapema, na jirani yangu ana spika. Nilichoweza ni kuzima taa saa 4 na kulala na kelele zake.

Elementi niliihitaji kwa jambo moja tu. Katika mzunguko wao maji hulisha mti, mti hulisha moto, moto huacha udongo, udongo huzaa chuma, chuma huzaa maji. Upande wa pili maji huzima moto. Mimi nilidhani nina moto mwingi, basi nijimwagie maji: likizo ya siku nne Mombasa, nikarudi na treni ya SGR nimechoka vilevile. Fikiria jiko la makaa. Makaa yakiisha, hata ukipepea namna gani, unapeperusha majivu tu usoni mwako. Kahawa yangu ya nne ilikuwa ni kupepea. Moto haukuwa umezidi. Mti ndio ulikuwa umekwisha, na mti hulishwa na maji ya kila siku, kidogo kidogo. Ndiyo maana saa tatu ndogo zilinifaa kuliko siku nne za bahari.

Tahadhari moja. Mwaka wa mnyama wako ukirudi, kila baada ya miaka 12, Wachina husema ni mwaka wa misukosuko, na wengi huvaa kitu chekundu. 2025 ulikuwa wangu, na Mama Vigae alinifunga uzi mwekundu mkononi. Niliupenda, kila nikiuona nikichapa, nanyoosha shingo. Lakini usiruhusu kalenda ikutishe. Mwaka 1966, mwaka wa Farasi wa Moto, Wajapani walipozisikiliza mno hadithi za ubaya wa wasichana wa mwaka huo, watoto waliozaliwa walipungua kutoka milioni 1.82 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.36. Farasi wa Moto amerudi Februari 17, 2026. Mwenzangu wa meza ya pili, aliyezaliwa Agosti 1990, ni Farasi halali, na ameanza kuuliza kama aahirishe harusi. Nimempa daftari lenye miraba na kumwambia aanze na siku saba.